Giaboksi Iliyopona Gereji na Kuugua Barabarani

Vijana wa gereji, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudishe ovaroli na ufunguo wa sanduku la spana mmekuwa mkipita hapa nyumbani ati kunisalimu, mnakunywa chai yangu mpaka birika inakauka, halafu mnauliza: "Mzee Rono, zamani mlitengenezaje giaboksi bila vitabu?" Vitabu tulikuwa navyo. Tulikuwa tunavikalia, kwa sababu sakafu ya gereji ilikuwa baridi. Haya basi, nimekaa chini kuandika, ila msitegemee habari za vyeo na mishahara. Vyeo vilikuwa vichache, na mke wangu anavikumbuka vizuri kuliko mimi, hasa vile nilivyokosa.

Niliingia gereji ya kiwanda cha chai, upande huu wa barabara ya Kericho kwenda Sotik, miaka ya sitini, bendera ikiwa bado mpya. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Wenzangu wa darasani walikimbilia Nairobi na Nakuru kukaa ofisini na kufunga tai. Mimi nilipima kazi kwa kipimo kimoja tu: je, jioni nitalala kwetu? Bomba la moshi la kiwanda lilionekana kutoka mlango wa nyumba ya mama, kwa hiyo nikaona kazi ni hiyo. Baba aliniuliza, "Yaani sekondari yote hii ni ya kulala chini ya gari?" Nikamwambia angalau nitalala karibu. Hakucheka. Mpaka leo sidhani alielewa, na mimi mwenyewe siku zingine sikuelewa.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Jaswant, kalasinga mnene aliyefunga ndevu zake kwa kitambaa ili zisiguse grisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwake peke yake. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Wewe iko skuli?"

"Ndiyo, Mzee."

"Skuli kubwa? Sekondari?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mzuri sana. Shika ndoo."

Nikashika ndoo mpaka jioni. Sikuambiwa ni ya nini, na sikuuliza, nikidhani labda huo ndio mtihani. Kesho yake nikagundua alinisahau tu. Lakini jina likabaki. Watu wote pale, mpaka mpishi, wakaniita Skuli, na kila nilipofunga nati kinyume waliliita kwa sauti zaidi.

Mzee Jaswant alinifundisha mambo ya giaboksi ambayo bado ni kweli, hata kama nyinyi sasa mna taa za kichwani. Mafuta yakidondoka chini ya gari, usikimbilie spana. Chota kwa kidole, nusa. Ya injini ni meusi na mepesi. Ya giaboksi ni mazito na yananuka kama yai lililosahauliwa. Halafu osha kila kitu, kausha, paka vumbi la chaki, endesha gari kidogo, urudi uone chaki imelowa wapi. Yakitoka mbele, ni sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia mafuta, na hapo ujue klachi nayo imeshakunywa. Yakitoka nyuma, ni sili ya nyuma. Yakitoka kila mahali, alisema Mzee Jaswant, "kaa chini, kunywa chai, fikiri tena." Sehemu ya chai nilijifunza haraka.

Kusikiliza pia alinifundisha. Tulikuwa na mpini wa jembe, laini kwa kushikwa, ambao ncha yake moja uliiweka kwenye giaboksi na nyingine sikioni, na ndani ukasikia meno yakizungumza. Yeye alisikia beringi fulani imechoka. Mimi kwa muda mrefu nilisikia mpini wa jembe tu.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiruka. Giaboksi yoyote ikifunguliwa, ganda lake na kifuniko chake vilichemshwa kwenye pipa la maji yenye magadi, juu ya moto wa kuni, mpaka chuma king'ae kama sufuria ya arusi. "Chafu iko adui," alisema. Juu ya pipa ulielea utando wa mafuta, matope na vijiti vya chai, na kazi ya kuuchota na kuutupa nyuma ya gereji ilikuwa ya mtu mwenye sekondari.

Sasa niwaambie habari ya lori ya Sigei, kwa sababu ndiyo mnayoulizia kila mara, na kila mmoja wenu ameisikia vibaya.

Kiwanda kilikuwa na lori za kuzunguka kwenye vituo kukusanya majani mabichi ya wakulima, hadi Litein na kuendelea. Sigei alikuwa dereva wa mojawapo. Mimi na yeye tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo tuliitana bakule, na bakule wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu. Alikuwa mtu safi kupita kiasi. Alifagia kebini asubuhi na jioni kwa ufagio wake mwenyewe. Alivua viatu kabla ya kupanda. Alikuwa akifungua hata ile sahani ya chuma ya sakafuni, iliyo juu ya giaboksi, apanguse vumbi la majani huko ndani ambako hakuna macho ya mtu yanayofika.

Asubuhi moja akaja gereji, lori inadondosha mafuta njia nzima.

"Bakule, gia ya pili imenikataa. Nikiisukuma inalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Nikiiacha klachi, lori inatetemeka kama wewe ulipoulizwa hesabu na mwalimu."

Tukaishusha giaboksi. Sili ya mbele ilikuwa imesukuma mafuta nje, yakaingia kwenye sahani ya klachi. Ndiyo maana klachi ilishika vibaya na gia zikagoma, na mafuta yaliyobaki ndani yalikuwa machache, meno yakisagana. Kitu cha kawaida kabisa. Tukachemsha ganda, tukaweka sili mpya na gaskiti mpya, tukaosha sahani ya klachi kwa petroli, tukajaza mafuta mpaka kwenye tundu la kipimo. Tukapakia kuni ziwe mzigo wa majaribio, Mzee Jaswant akaendesha mwenyewe kupanda kile kilima cha nyuma ya kiwanda, akabadilisha gia kwa kidole kimoja.

"Kama siagi," akasema. Sigei akatushukuru, akavua viatu, akapanda, akaenda.

Siku chache tu, akarudi. Mafuta njia nzima, gia zimegoma.

Tukashusha tena. Sili mpya, imesukumwa. Mzee Jaswant akasema sili mbovu. Tukaweka nyingine, tukachemsha, tukajaza, tukapanda kilima. Siagi. Sigei akaenda, na haukupita muda akarudi amenuna. Sasa mafuta yalitoka mbele na nyuma. Tukasema shafti imepinda. Tukaipima, imenyooka kuliko sisi. Tukasema tulijaza mafuta kupita kiasi. Tukajaza kwa uangalifu kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Kilimani, siagi. Barabarani, mafuta.

Mimi nilikitoa kitabu chini ya makalio yangu nikakisoma, kurasa zile za giaboksi, kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho. Kitabu kilisema sababu ni hizi na hizi, na zote tulikuwa tumezimaliza. Nilianza kudhani labda kilima chetu ni tofauti na vilima vingine. Nyumbani mke wangu, Chebet, alinicheka.

"Jana ulimwita ng'ombe Sili ya Mbele."

"Sikumwita."

"Ulimwita. Na akageuka."

Lakini mzaha uliisha siku meneja alipofika gereji. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole wa sauti, na upole huo ndio tuliouogopa. Aliitazama lori, akatutazama sisi, akasema maneno ambayo sikuweza kuyapinga hata kidogo.

"Hapa gereji gari inakwenda mzuri?"

"Mzuri sana, Bwana," akasema Mzee Jaswant.

"Sigei nachukua, gari naharibika?"

"Ndiyo, Bwana, lakini..."

"Basi mbaya hapana gari. Mbaya ni Sigei. Mara moja tena, yeye nakwenda kulima magugu."

Akaondoka. Sigei alikuwa amesimama kando ya gurudumu, ufagio mkononi. Kwenda kwenye magugu maana yake haikuwa kuinama tu. Madereva walikuwa na nyumba zao, za mabati na jiko lenye bomba la moshi, na mkewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mapacha. Ukitolewa kwenye lori, na nyumba unatoka.

"Bakule," akaniambia polepole, "mimi naibana gia?"

"Sijui."

"Nakanyaga klachi vibaya?"

"Nimekaa na wewe kwenye kebini. Unakanyaga kama unakanyaga mayai."

"Sasa ni nini?"

Ningekuwa na jibu ningempa hapo hapo na ningeongeza matusi juu. Na aibu ya kazi yetu ni hiyo, vijana: meneja alikuwa amefikiri sawasawa kutokana na yale tuliyomwambia, na bado nilijua amekosea, na nisingeweza kuonyesha amekosea wapi.

Tukaitengeneza tena. Mzee Jaswant alichemsha ganda lile kwa muda mrefu zaidi ya kawaida, kana kwamba lilikuwa na pepo. Nikachota utando, nikatupa. Tukafunga. Kilimani, sina haja ya kuwaambia.

Habari ilitufikia kabla ya saa sita mchana, kwa mtu wa baiskeli: lori ya Sigei imesimama kwenye mpando wa kuingia Litein, imejaa majani, na meneja ameshaambiwa. Tukapanda Landrover ya gereji. Kwangu mimi Litein siku ya kazi ilikuwa safari. Nilibeba chai kwenye chupa na viazi.

Tulimkuta Sigei amekaa kwenye nyasi kando ya barabara. Hakutukana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Majani kwenye lori yalikuwa yameanza kupata joto, ukiingiza mkono kwenye gunia unahisi kama uji uliopoa kidogo, na mengine yalishaanza kuwa mekundu. Chini ya lori palikuwa na dimbwi, na sikuhitaji kunusa.

"Skuli, fungua juu," akasema Mzee Jaswant. "Mimi naangalia chini. Mbio, Bwana nakuja."

Nikavua viatu, maana ilikuwa kebini ya Sigei, nikafungua ile sahani ya sakafuni. Zile siku zote tulikuwa tunaishusha giaboksi gerejini kwa chini, tunaikokota moja kwa moja mpaka kwenye pipa, imejaa mafuta na matope, hakuna anayeitazama uso kabla haijachemshwa. Sasa kwa mara ya kwanza niliiona kutoka juu, ikiwa kazini, bado ina joto. Nanyi mnajua juu ya kifuniko kuna kile kitundu kidogo. Giaboksi ikipata moto, hewa ya ndani inavimba, na inatoka pale. Ni pua yake.

Pua haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kijiti cha mchai kilichochongwa vizuri, kimepigwa ndani mpaka kikalingana na chuma, na kuzunguka pembeni kimezibwa na kitu cheusi. Nikakikwangua kwa ukucha, nikanusa. Chini ya harufu ya mafuta kulikuwa na harufu nyingine, na kwa muda mfupi sikujua niko wapi, kwa sababu ilikuwa harufu ya nyumbani kwa mama. Ilikuwa nta ya nyuki. Kila nyumba kwetu inayo. Kibuyu cha maziwa kikipata kitundu, unachonga kijiti, unakiziba na nta, kibuyu kinaishi miaka.

"Sigei," nikaita. "Njoo."

Akaja, akachungulia.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi," akasema, bila wasiwasi wowote. "Kila mkitengeneza mnasahau."

"Tunasahau nini?"

"Kuziba. Kila mara nikirudi kutoka kwenu nakuta kitundu kiko wazi. Vumbi la majani linaingia, maji ya kuosha yanaingia. Mara ya kwanza niliona kimelowa mafuta, nikajua ndipo yanapotokea. Nikakiziba vizuri. Mkazibua. Nikaziba tena."

"Na hukutuambia?"

Akashusha sauti. "Bakule, ningesemaje? Meneja anasikia kila kitu. Ningesema mafundi wanasahau kuziba, si mngefukuzwa nyinyi? Nikaona wacha nizibe kimyakimya, nisiwachome."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya lori. Mzee Jaswant alikuwa ametoka chini na kusikia yote, kitambaa cha ndevu kimelegea. Akaingiza mkono, akakishika kile kijiti kwa koleo, akavuta. Giaboksi ikatoa pumzi, psssss, ndefu, kama mtu aliyeketi baada ya kubeba mzigo kutoka sokoni. Halafu ikanyamaza.

Vile vijiti vya chai kwenye pipa! Nilikuwa nimevichota na kuvitupa kila mara, na kimoja kati ya hivyo kila mara kilikuwa hiki. Nta iliyeyuka kwenye maji ya moto, kijiti kikaelea, na nani angeshangaa kuona kijiti cha chai kwenye lori ya chai? Mzee Jaswant alisafisha, Sigei akasafisha, na kati ya hao watu wawili wasafi kuliko wote niliowahi kuwajua, giaboksi ikakosa pumzi ikasukuma mafuta kokote ilikoweza.

"Kumbe ni mimi," akasema Sigei. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Meneja alisema kweli. Mbaya ni mimi."

Na tayari gari ya meneja ilikuwa inapanda.

Alishuka, akapapasa gunia la majani, akaja dirishani. "Nini?" akauliza.

Mimi nilikuwa na maneno ya Kiingereza ya kutosha kueleza jambo lote, na ndiyo sababu niliyafunga mdomoni. Ningeeleza vizuri sana, na Sigei angekwenda kwenye magugu kwa maelezo mazuri. Mzee Jaswant akanyoosha kiganja. Juu yake palikuwa na lile donge la nta. Kijiti sikukiona, mpaka leo sijui alikipeleka wapi.

"Pua ya giaboksi nazibwa, Bwana. Hewa hapana toka, basi mafuta natoka. Gereji mimi nachemsha, pua nafunguka, gari mzuri. Barabara nazibwa tena."

"Nani naziba?"

"Nyuki," akasema Mzee Jaswant.

Hakupepesa macho. Meneja alilichukua donge, akalinusa, akalinusa tena.

"Nyuki?"

"Nchi hii nyuki mingi sana, Bwana. Naona tundu, naingia, najenga. Skuli, hapana kweli?"

Wote watatu wakanigeukia. Nilisema kwamba nyuki hupenda mahali penye joto. Hilo ni kweli, na sikuongeza neno.

Meneja alimtazama Sigei kwa muda. Sigei alikuwa ametazama miguu yake, ambayo haikuwa na viatu. Siwezi kuwaambia meneja aliamini au hakuamini. Uso wake haukuwa wa kusomeka, na mimi kusoma ndiyo kazi niliyosomea. Alilifunga lile donge kwenye leso, akalitia mfukoni. "Basi," akasema, "hapana Sigei. Haya, peleka majani."

Tuliimwagia klachi petroli kupitia tundu la pembeni, tukaongeza mafuta, tukaiacha ipoe, na Sigei akaipeleka kiwandani polepole, gia zote zikiingia. Sili tulibadilisha baadaye mara moja ya mwisho. Haikuvuja tena.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Wiki iliyofuata ikaja amri kutoka ofisini: kila Jumatatu, kabla ya kutoka, lori zote zikaguliwe nyuki. Na kwa kuwa meneja alikuwa ameuliza ni nani anayejua nyuki, na watu wakamwambia baba yake Sigei ana mizinga kule Ndanai, Sigei ndiye aliyewekwa kuwa mkaguzi. Kila Jumatatu alitembea kutoka lori hadi lori, bila viatu, anafungua sahani za sakafuni na kutazama pua za giaboksi. Alikuta zimejaa matope, alikuta zimejaa majani. Akazisafisha zote, na kazi yetu ya sili ikapungua mpaka Mzee Jaswant akaanza kulalamika kwamba hana la kufanya.

Halafu Jumatatu moja nikasikia kelele uani. Watu walikuwa wanakimbia kila upande. Mzee Jaswant alinipita mbio, mwili wote ule, ndevu zimefunguka, akipiga kelele, "Skuli! Iko! Iko kweli!" Chini ya kiti cha lori ya kuni, kundi zima la nyuki lilikuwa limening'inia, jeusi, linanguruma vizuri kuliko injini. Meneja alisimama mbali kwenye veranda ya ofisi akitikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Nilimkuta Sigei nyuma ya gereji, peke yake, ametulia, anafunga kamba za viatu vyake.

"Bakule," nikamwambia, "wale wametoka wapi?"

Akakaza fundo la kwanza, akakaza la pili.

"Wewe ndiye umesoma sekondari," akasema. "Nenda uwaulize."